Mji Juu ya Mkeka

Jumamosi iliyopita watoto walinigomea sebuleni kwangu, na kiongozi wa mgomo alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, aniitaye Halati, ambaye ulimi wake kaurithi kwa mamake sawasawa. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana najua lau ungekuwapo ungenicheka.

Siku hizi kuna mchezo huu wa mezani ambao watu hukaa duara, kila mmoja akajifanya mtu fulani katika nchi ya kubuni, shujaa au mganga au mwizi, na mmoja wao akawa msimulizi. Msimulizi hueleza nchi ilivyo, wachezaji husema watu wao wafanya nini, na penye shaka hutupwa dadu, si hizi za pande sita tuzijuazo bali za pande nyingi, ukiitazama waona kizunguzungu. Mpwa wangu aliletewa kitabu na dadu zake kutoka Nairobi. Kwa kuwa sebule yangu hapa Kibokoni ina dirisha la upepo, na achari ya embe haikosekani, nikateuliwa msimulizi. Nilifurahi, usiniulize. Wiki nzima nikakaa natunga pango. Lilikuwa na maji meusi, na jini, na mlango wa shaba usiofunguka ila kwa kitendawili. Jumamosi ikafika, wageni wangu wakakaa, nikakohoa kidogo nikaanza: mmekipita kijiji chenye moshi, mmefika mbele ya pango.

"Hatuingii," akasema mpwa wangu.

"Mbona hamuingii?"

"Mtu wangu ana njaa, Halati. Tumetembea siku nzima kwa jua. Kile kijiji ulichokitaja, wapika nini leo?"

Wallahi nilikasirika. Nikawaambia kijiji kimefungwa. Wakasema watabisha hodi. Nikasema hakuna mtu. Wakasema, basi ule moshi ulioutaja watoka wapi? Nikaleta mvua, kubwa, ya radi, ili wakimbilie pangoni. Mpwa wangu akaiweka dadu chini taratibu, akanikazia macho. "Halati, wewe ushaamua kila kitu. Basi sisi twafanya nini hapa?"

Hasira zote zikanitoka. Neno lile nilishalisikia zamani, kwa sauti ile ile, kinywani mwa mamake, tulipokuwa watoto juu ya mkeka wa Bi Kofia. Nikawaambia watoto wale achari, mchezo tutauendeleza Jumamosi ijayo, nami nikaenda jikoni kuteleka chai. Nilikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji chai.

Bi Kofia alikuwa jirani yetu. Sisi tulikaa nyumba ndogo isiyo na ghorofa, kichochoroni, yeye akikaa ghorofani katika nyumba ya mawe iliyotazamana na yetu, nyumba aliyoachiwa na wazazi wake. Alishona kofia za viua, zile za mkono, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kofia nzima ikawa kama mtandio. Kofia moja ilimchukua miezi. Watu wazima walimwita Bi Mkubwa, sisi tulimwita Nana tukiwa mbele yake, na Bi Kofia akiwa hatusikii. Alikuwa mwembamba, mrefu, mcheshi, na mkali wa macho kama mtu atungaye uzi kwenye sindano bila miwani, na ndivyo alivyokuwa kweli. Mumewe alikuwa ashatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee alikuwa wakala wa forodha bandarini Kilindini, akiishi Kizingo kwenye nyumba yenye bustani.

Wajua alasiri ya Ramadhani ilivyo ndefu kwa mtoto. Asubuhi unaiweza. Adhuhuri unaimudu kwa kulala. Lakini baada ya sala ya alasiri, harufu zaanza kukujia moja moja: kwa huyu kaimati zachovywa katika shira, kwa yule viazi karai, kwenu shurba yachemka na hiliki, nawe ulimi umekauka kama kigae. Mama zetu walikuwa jikoni hawataki mtoto miguuni. Tukishamaliza kuchagua mchele na kukuna nazi, tulifukuzwa. "Nendeni kwa Bi Mkubwa mkasahau matumbo," mama akisema. Tukatimua mbio, tukazipanda ngazi zile za mawe kwa pumzi moja, dada yangu mbele, mimi nyuma yake, binamu yetu wa mwisho maana alikuwa mnene. Juu tukambusu Nana mkono, tukakaa kitako, na mkeka ukatandikwa.

Mchezo tuliuita Mji, basi. Bi Kofia alipindua vikombe vidogo vya kahawa vikawa nyumba. Mdila, lile birika la shaba la kahawa, ukawa msikiti. Viberiti vikawa maduka, na uzi mwekundu uliolazwa kwa mapindo ukawa njia. Kitambaa cha buluu kilikuwa bahari, na ole wako ukikikalia. Kisha akafungua kopo lake la vifungo. Kila mmoja akachagua kifungo kimoja, na kifungo hicho kikawa mtu wake: jina lake, kazi yake, tabia yake, yote juu yako wewe. Dada yangu alikuwa mfanyabiashara wa mkate wa sinia. Binamu alikuwa muuza sambusa, ungetegemea nini. Mimi nilikuwa baharia aliyestaafu, sijui kwa nini, nadhani nilipenda kile kifungo kilichochorwa nanga.

"Mimi nashika mji," Bi Kofia alisema kila tunapoanza, sindano mkononi, maana alicheza huku ashona. "Watu washikeni nyinyi. Sitamshika mtu wa mtu."

Na hakumshika. Miaka yote ile sikumsikia akituambia "huwezi." Ukisema mtu wangu afanya hivi, alisema, "Haya, hiari yako." Lakini mji nao ulikujibu. Siku moja nilichoka na ubaharia nikasema mtu wangu aruka kutoka darini kwake, apae mpaka Ngome ya Yesu. "Haya, aruke," akasema, bila kuinua macho. Nikauliza, ataanguka? "Mwanangu, juu ni juu na chini ni chini, hata kwetu mkekani." Nikafikiri kidogo. Mtu wangu akashuka kwa ngazi akaenda Ngomeni kwa miguu kama watu wote.

Dada yangu alikuwa akibishana naye kama wakili. Aliwahi kutaka kuwauzia mkate wa sinia makuli wote wa bandarini. Bi Kofia akamuuliza auchukua vipi? Kichwani. Kutoka huku mpaka Kilindini, na jua hili? Ndiyo. Basi mkate ukafika mkavu, makuli wakacheka, wakenda zao kula maharagwe. Dada akanuna siku mbili. Siku ya tatu akaja na hoja: mkate ufunikwe kitambaa kibichi, na atoke alfajiri. "Ahaa," akasema Bi Kofia, na sindano ikasimama. "Sasa mji umekusikia." Mkate wote ukanunuliwa. Sijawahi kumwona dada yangu na furaha ile, hata siku ya harusi yake.

Lakini kisa kilichotuvunja mbavu ni cha binamu. Mji wetu wa mkekani nao ulikuwa na Ramadhani, maana Bi Kofia alisema mji ni mji, kama huku watu wamefunga na kule wamefunga. Siku moja, jua kali, binamu kakaa karibu na dirisha ambalo harufu ya bhajia yaingilia, akakishika kifungo chake akasema, "Mtu wangu ala sambusa."

"Sasa hivi? Mchana?"

"Sasa hivi. Nne. Na pilipili."

"Haya, hiari yake," akasema Bi Kofia. "Ala akiwa wapi?" Dukani. Mlango wazi au umefungwa? Masikini hakufikiria mlango. Basi mji wote ukamwona, na tangu siku hiyo ndani ya Mji hakuna aliyenunua sambusa zake mpaka Idi. Binamu akalia kwamba huu ni mchezo tu. Kilichomtia hofu zaidi, alianza kushuku kwamba hata saumu yake mwenyewe imeharibika, maana alipolitaja lile neno sambusa mate yalimjaa. Kesho yake chuoni akamuuliza mwalimu wetu wa Kurani mbele ya darasa zima: mtu akila ndani ya mchezo, saumu yafunguka? Mwalimu alishika ndevu, akajaribu kutocheka, akashindwa. "Saumu yako nzima, mwanangu," akasema. "Ila tumbo lako lishakushitaki."

Palikuwa na kete pia, kete za pwani zile nyeupe, katika kikopo kidogo, kijaluba. Kama mtu wako alivuka maji usiku, au aliugua, au alingoja jibu la posa, Bi Kofia alizirusha. Zikilala chali nyingi, heri. Zikilala kifudifudi, pole. Lakini alikuwa na sharti moja, na dada yangu alilichukia: kete hazikutupwa kwa jambo ambalo mtu ana hiari nalo. Ukiwa huna la kufanya, uliza kete. Ukiwa na la kufanya, lifanye.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika. Mwaka ule, siku chache kabla ya Ramadhani, Bi Kofia alianguka ngazini. Alikuwa akipandisha dumu la maji, maana bomba lilikuwa uani na juu maji hayakufika. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini kifundo cha mguu kilivimba kama embe dodo. Mwanawe akaja na gari, akamwona, akasema basi. Baada ya Idi mama ahamia Kizingo.

Tuliyasikia haya kwa mama zetu, waliokuwa wakinong'ona uani kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Mama yangu alisema mwana yule ni mwana mwema, Mungu ampe kila mtu mwana kama yule. Kisha akasema, "Lakini Bi Mkubwa atakufa kwa upweke kule," akafuta macho kwa ncha ya leso. Nami nilielewa. Kizingo nilikufahamu, tulipita kwenda kwenye bahari ya Mnara. Ni kuzuri, kuna miti na hewa, lakini hakuna baraza. Majirani hujuana kwa rangi za mageti. Ukitaka chumvi, wapanda gari. Nani angepita chini ya dirisha la Bi Kofia akamwuliza, Bi Mkubwa waamkaje? Na Mji je? Kila alasiri ya Ramadhani ile tulicheza kama watu wanaokula chakula cha mwisho cha sinia, kila mmoja aangalia kipande kilichobaki.

Yeye mwenyewe hakusema lolote. Mama zetu walimdokeza, akajibu, "Mwenye mzigo ndiye ajuaye uzito wake," akaendelea kushona. Mwanawe alimtumia makatoni ya kupakia vitu. Akayaweka pembeni, akayafunika shuka.

Kumi la mwisho la Ramadhani likaingia. Siku hiyo mwanawe alikuja mapema, mikononi tende na tikiti maji, akasema atafuturu kwa mamake. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, shati limepigwa pasi, sauti ya kuzungumza na madereva wa malori. Alituamkia kwa wema, akakaa kwenye kiti, akatazama saa. Wajua mtu aliyefunga, asiye na kazi, na magharibi bado. Akatazama saa tena. Mwisho akauliza, "Mwacheza nini hapo?"

"Mji," akasema mamake. "Ukikaa mkekani, chukua kifungo. Ndiyo sharti."

Akacheka, akavua viatu, akashuka chini kwa taabu, akachagua kifungo kikubwa kuliko vyote, cha koti. Sisi watoto tulimpisha kwa adabu. Akakizungusha vidoleni, akatazama vikombe na mdila na uzi mwekundu. Nadhani alikuwa keshaucheza mchezo ule utotoni mwake, maana alikijua kikombe kilichokuwa nyumba ya mamake bila kuambiwa. Akakiweka kifungo mlangoni pake.

"Mtu wangu ni mwana wa mama akaaye ghorofa hii," akasema. "Asema mamake ahamie kwake, ambako hakuna ngazi. Na amehama. Imekwisha."

Nilimwona Bi Kofia sindano imemsimama. Nilitaraji atasema, haya, hiari yako. Hakusema. Aliyesema ni dada yangu, na wakati ule alikuwa hata meno ya mbele hayajamaliza kuota. "Ami, wewe ushaamua kila kitu. Basi sisi twafanya nini hapa?"

"Shh!" nikamfinya.

"Simfanyii utovu wa adabu, nauliza! Yeye ashika mtu wake. Yule mama nani amshika?"

"Hana mtu wa kumshika," akasema Bi Kofia polepole. "Wasioshikwa na mtu, nawashika mimi, kwa kuwa nashika mji."

"Basi si haki, Nana. Mshike yeye peke yake, na mji ushikwe na mwengine." Akanigeuzia kidole. "Huyu. Huyu akidanganya masikio yamwiva."

Lo! Mimi? Bi Kofia akanitazama, kisha akacheka kidogo, akausukuma mdila kwangu, maana aliyeshika mji ndiye akaaye karibu na mdila. Yeye akalifungua kopo, akatafuta, akatoa kifungo cheupe cha shati, kidogo, cha kawaida kabisa. Akakitia ndani ya kikombe.

"Mtu wangu kaamka," akasema. "Ataka maji ya udhu. Maji yako wapi?"

"Chini, Nana. Uani, kwenye bomba."

"Na ngazi zikoje?"

Binamu alinikonyeza mpaka jicho likataka kumtoka, midomo yake yasema bila sauti: fupi, fupi. Na ningeweza, wajua. Kwangu mimi zilikuwa fupi hasa. Nilizipanda kila siku kwa pumzi moja, na ningesema fupi masikio yangu yasingeiva hata kidogo. Nilimtaka abaki. Sikutaka kitu kingine duniani, hata nguo ya Idi. Lakini nilikuwa nimemwona, kabla ya kuanguka na baada yake, akizipanda zile ngazi. Alifika katikati, penye kidirisha, akasimama na mkono ukutani, akijifanya aangalia nje. Pale nje hapakuwa na kitu ila ukuta wa jirani. Na aliyekuwa akiniuliza sasa alikuwa yeye.

"Ndefu, Nana," nikasema. "Ndefu, na zateleza." Nikaanza kulia.

"Umesikia, Mama?" mwanawe akasema kwa upole. "Hata mtoto ajua."

Bi Kofia aliinua mkono. "Ngoja. Sijamaliza kuuliza mji." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa yametulia kabisa. "Futa machozi, wewe washika mji, mji haulii. Chini ya ngazi kuna nini?"

"Kuna mlango."

"Nyuma ya mlango?"

Nikafikiri. Tulijificha mle tukicheza, tukatoka weupe kwa vumbi. "Kuna chumba. Kina dirisha la uani, karibu na bomba."

"Kitupu?"

"La, Nana. Kimejaa makatoni ya vigae. Vya bafuni."

"Vya nani?"

Nikamtazama yule mtu mkubwa, nikaona haya. "Vya mwanawe," nikasema.

Vigae vile mwenye mzigo alivikataa bandarini, rangi haikumpendeza, na yule mwana, wakala wake, akaviweka kwa mamake kwa muda. Ule muda ulikuwa tangu mimi sijaanza chuo. Yule ami alikitazama kile kikombe kana kwamba kuna mtu ndani kamwita jina lake. Bi Kofia akakitoa kifungo cheupe, akakiweka chini, pembeni mwa kikombe.

"Mtu wangu hataki Kizingo," akasema. "Ampenda mwanawe, na amshukuru, na Ijumaa atakwenda kula kwake. Lakini ataka kufa akisikia watu wapita. Ngazi hataziweza, mji ushasema. Basi ataka kuteremka." Kisha akamgeukia mwanawe, na hapo ndipo sauti ilipomtetemeka mara ya kwanza na ya mwisho. "Na mtu wako wewe, baba, afanyaje?"

Dada yangu hakujiweza, akanyakua kijaluba. "Tutupe kete!"

"Weka chini," akasema Bi Kofia. "Hili ana hiari nalo."

Akakaa yule ami na kifungo chake cha koti, akakigeuza, akakigeuza tena. Chini jirani alikuwa akipasha mafuta, twasikia kaimati zikiingia moja moja. Nilidhani atakasirika. Mwisho alikisukuma kile kifungo kwa kidole kimoja, polepole, juu ya uzi mwekundu, mpaka kikafika kando ya kile cheupe.

"Mtu wangu aondoa makatoni," akasema.

"Lini?" akauliza dada yangu.

Alicheka mpaka akafuta macho, au alifuta macho kisha akacheka, sikumbuki mpangilio wake. "Kesho, ewe wakili! Niache nifuturu kwanza." Na adhana ikaadhiniwa, na tende ile niliyoila sijapata kula tamu kama ile.

Alikuja kesho yake kweli, na wapagazi wa bandarini wawili wenye mabega kama milango. Makatoni yakatoka. Halafu fundi akauliza, sakafu yenyewe mbovu, vigae vyote hivi vyaenda wapi? Basi vikatandikwa mle mle chumbani, waridi waridi, maua mengi mno, rangi ile ile aliyoikataa mwenye mzigo. Bi Kofia aliteremka siku ya Idi. Alisema sakafu yake yapiga kelele kuliko sisi. Aliishi juu ya maua yale miaka mingi, dirisha wazi, hakuna aliyepita asimwamkie, na Mji tuliucheza mpaka vifungo vyetu vikatuona tu watu wazima, tukaona haya kukaa mkekani. Siku alipofariki, jeneza lilitolewa kwa mlango wa chini, mara moja, bila kugonga ukuta.

Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza swali ambalo nawe pengine ushajiuliza. Alijuaje kuuliza chini ya ngazi kuna nini? Alijua, bwana! Alikipita chumba kile kila siku ya maisha yake. Mbona basi hakumwambia mwanawe, toa vigae vyako nihamie? Angemwambia angetoa, maana alikuwa mwana mtiifu, na angetoa kwa kuamriwa na mama. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Bi Kofia alikuwa akitaka ile hiari, na aliingoja, na alikuwa karibu kuikosa.

Jumamosi hiyo ya mgomo, chai ilipopoa, nilirudi sebuleni nikamwambia mpwa wangu avae viatu. Tukaenda, ni mwendo mfupi tu. Kichochoro kimetiwa mawe mapya. Ile nyumba ya mawe sasa ni nyumba ya wageni, ina jina la kupendeza na mimea kwenye vyungu, na kile chumba cha chini ni duka la vinyago. Nilimwomba kijana wa dukani asogeze zulia kidogo, naye akasogeza. Waridi zipo. Zimefifia, mbili tatu zimevunjika, lakini zapiga kelele vile vile. Nikasimama juu yake, sikuhuzunika kama nilivyodhani. Harufu ya kaimati haikuwapo, ilikuwa harufu ya vanishi. Hakuna tena mtu mle kichochoroni ambaye angejua mimi ni mtoto wa nani. Baraza limejengewa ukuta kuwe na nafasi ya pikipiki. Nikamweleza mpwa wangu habari nzima, kama nilivyokueleza wewe, naye alisikiliza bila kubisha, jambo ambalo si la kawaida.

"Na zile ngazi?" akauliza.

Kijana akaturuhusu kupanda. Mpwa wangu alitangulia kwa pumzi moja, viatu vyake vyalia juu ya mawe, na kabla sijafika kidirishani nikamsikia amefika juu, acheka.

"Halati! Ndizo hizi? Mbona ni fupi!"

Mimi nilikuwa katikati. Goti langu la kulia lina mambo yake siku hizi. Nilikuwa nimesimama na mkono ukutani, pahali ambapo chokaa imelainishwa kwa viganja vya watu, natazama nje kwa kidirisha, na nje hapakuwa na kitu ila ukuta wa jirani.

"Shuka," nikamwambia, "ukachukue dumu la maji, upande nalo. Kisha uniambie zikoje."